Mizizi ya bangi, kemikali zake na vijidudu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Habari za mizizi ya bangi husambaa haraka: leo inatibu kidonda sugu, kesho imeshinda antibayotiki za hospitali. Ukizifuatilia utakuta nyingi zimechukua sifa za ua la bangi na kuupa mzizi, ilhali sehemu hizo mbili za mmea zina kemikali tofauti kabisa. Mwenye muda wa kusoma jibu moja tu asome lile la "Basi mizizi nayo inaua bakteria?"

## Mambo ya msingi

Mizizi ya bangi inalevya?

Hapana. Kinacholevya kwenye bangi ni THC, mojawapo ya kemikali za kundi la kanabinoidi. Kwenye mizizi iliyokaushwa, kanabinoidi zote kwa pamoja hazifiki hata asilimia 0.1 ya uzito. Kwenye maua ya bangi inayolimwa kwa ajili ya dawa, huweza kufika asilimia 15 hadi 20.

Mmea ni mmoja, mbona THC haishuki hadi kwenye mizizi?

Kwa sababu haitengenezwi huko, na haisafirishwi kwenda huko. Kanabinoidi hutengenezwa ndani ya vinyweleo vidogo vyenye tezi, vile vinavyong'aa na kunata kwenye maua ya mmea jike. Mizizi haina vinyweleo hivyo. Kanabinoidi ni za mafutamafuta na haziyeyuki kwenye maji, kwa hiyo hubaki zimehifadhiwa kwenye tezi zilizozitengeneza.

Sasa kwenye mizizi kuna nini?

Kuna makundi manne ya kukumbuka. La kwanza na lililopimwa zaidi ni triterpenoidi, hasa friedelini na epifriedelanoli. Hizi ni molekuli kubwa za kaboni 30 zinazofanana na nta, na ndizo alama ya mzizi wa bangi. Uchambuzi wa kemikali uliochapishwa 2020 ulikuta triterpenoidi kati ya asilimia 0.13 na 0.24 ya uzito wa mzizi mkavu. Kiasi hicho ni kidogo, lakini ni kikubwa kuliko kile kilichopatikana kwenye maganda ya shina.

La pili ni steroli za mimea: sitosteroli, kampesteroli na stigmasteroli, ambazo kwenye uchambuzi huohuo zilikuwa kati ya asilimia 0.06 na 0.09. Hizi hazina maajabu yoyote. Zimo kwenye mafuta ya kupikia, karanga na maharage, na kazi yake kwenye mmea ni kuimarisha utando wa seli.

La tatu ni alkaloidi, yaani kemikali zenye naitrojeni. Maarufu ni kanabisativini, iliyotambuliwa kwenye mizizi mwaka 1975. Pamoja nayo wametaja pirolidini na piperidini, ambazo ni molekuli ndogo zenye harufu kali, na kolini, ambayo hata mayai ya kuku yanayo.

La nne ni amidi za fenoli, mfano ile iitwayo kumaroiltiramini. Ukiniuliza mimi, hili ndilo kundi la kuvutia kuliko yote kwa mtu anayetafuta dawa ya vijidudu, ingawa wauzaji wa mizizi hawalitaji kabisa. Nimelieleza zaidi kwenye swali la "Ni kemikali gani ya mzizi yenye matumaini zaidi?"

Friedelini inapatikana kwenye bangi peke yake?

Hapana kabisa. Jina lake linatokana na Charles Friedel, mkemia wa Ufaransa, na chanzo chake kinachojulikana kuliko vyote ni gome la mwaloni wa Mediterania linalotengenezewa vizibo vya chupa. Imo pia kwenye mimea mingi ya jamii ya Maytenus, ambayo waganga wa Afrika Mashariki wanaifahamu vizuri. Kwa hiyo mtu akikuuzia mzizi wa bangi kwa bei ya juu kwa sababu "una friedelini", ujue anakuuzia kitu kilichomo hata kwenye kizibo cha chupa.

Watu wa zamani waliutumia mzizi huu?

Ndiyo, na maandishi yapo. Katika karne ya 1 baada ya Kristo, Pliny wa Roma aliandika kwamba mzizi wa bangi uliochemshwa hulegeza viungo vilivyokakamaa na kusaidia jongo, na kwamba mbichi hupakwa mahali palipoungua. Dioscorides, tabibu Mgiriki wa karne hiyohiyo, aliupendekeza kama kibandiko cha kupoza uvimbe.

Lakini angalia walikuwa wanatibu nini: maumivu, uvimbe, viungo. Hayo yanaendana na majaribio ya friedelini kwa panya, ambayo yameonyesha kupungua kwa uvimbe na maumivu. Madai ya kuua vijidudu yalikuja baadaye sana, wala hayakutoka kwenye mzizi.

## Kuhusu kuua vijidudu

Nimesikia bangi inaua bakteria sugu. Ni kweli?

Kwenye maabara, ndiyo. Na habari hii ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Katika miaka ya 1950, kule Olomouc katika nchi iliyoitwa Czechoslovakia, Jan Kabelík, Zdeněk Krejčí na František Šantavý walipitisha mimea mbalimbali kwenye vipimo wakitafuta dawa mpya za bakteria, na bangi ikawatoa macho. Kitu kilichokuwa kinafanya kazi walikikuta kwenye utomvu wa sehemu za juu za mmea: tindikali ambayo baadaye ilitambulika kuwa ya jamii ya CBD, kanabinoidi isiyolevya. Walitengeneza hata marhamu zilizotumika hospitalini.

Mwaka 1976 watafiti wa Uholanzi walipima THC na CBD zikiwa safi. Zilizuia bakteria wa jamii ya stafilokoki na streptokoki kwa mikrogramu 1 hadi 5 tu kwa mililita. Hilo ndilo linalonukuliwa siku zote. Lisilonukuliwa ni kwamba walipoongeza damu au seramu ya farasi kwenye chakula cha bakteria, kiwango kilichohitajika kilipanda hadi mikrogramu 20 hadi 50. Protini za damu zilikuwa zinaishika dawa isiwafikie bakteria, na mgonjwa yeyote ana damu.

Mwaka 2008 timu ya Giovanni Appendino ilionyesha kuwa kanabinoidi 5 zina nguvu dhidi ya MRSA, ile Staphylococcus aureus isiyosikia dawa nyingi za kawaida. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, wakaenda hatua moja mbele: waliwatibu panya wenye maambukizi ya MRSA kwa CBG, kanabinoidi isiyolevya. Bakteria walipungua.

Tafiti zote hizi zinahusu kanabinoidi, yaani kemikali za ua.

Basi mizizi nayo inaua bakteria?

Hakuna ushahidi kwamba mzizi wa bangi unatibu maambukizi yoyote kwa binadamu. Kwenye maabara, dondoo za mizizi (yaani kemikali zilizotolewa kwenye mzizi kwa kimumunyisho) na baadhi ya kemikali zake huonyesha uwezo wa kuzuia vijidudu, lakini kwa kawaida uwezo huo ni dhaifu au wa wastani, na hautokani na zile kanabinoidi zilizojenga sifa ya bangi.

Tufanye hesabu kidogo. Dozi ya CBG waliyopewa panya wa McMaster ilikuwa miligramu 100 kwa kila kilo ya uzito. Panya wa maabara mwenye gramu 25 anahitaji basi miligramu 2.5. Hata tukiupendelea mzizi, tukasema una kanabinoidi asilimia 0.1 na zote ni CBG (jambo ambalo si kweli), panya huyo angelazimika kula gramu 2.5 za mzizi mkavu, sawa na sehemu moja ya kumi ya mwili wake. Mtu wa kilo 60 kwa uwiano huohuo angekula kilo 6. Dozi za panya hazihamishwi kwa binadamu moja kwa moja namna hiyo, lakini hesabu inatosha kuonyesha pengo lilivyo.

Friedelini na epifriedelanoli zimepimwa kama molekuli safi zilizotolewa kwenye mimea mingine. Matokeo hutofautiana kutoka maabara moja hadi nyingine, na sababu moja ni ya kiufundi tu: vitu vya nta haviyeyuki vizuri kwenye maji ya kipimo. Soma pia "Nikiona tangazo limetaja kipimo cha maabara, niangalie nini?"

Ni kemikali gani ya mzizi yenye matumaini zaidi?

Ningeanza na amidi za fenoli. Mimea mingi hutengeneza kemikali hizi ikishambuliwa au ikikatwa. Viazi na nyanya hufanya hivyo vikivamiwa na kile kimelea cha baka chelewa, ugonjwa ambao mkulima wa Lushoto au Kinangop hahitaji kuelezwa. Amidi hizo huenda kwenye kuta za seli, hujifunga humo na kuzifanya ngumu kupenya; baadhi yake humdhuru kimelea mwenyewe.

Kwa maneno mengine, ni kemikali ambazo mmea unazitumia kweli kupambana na vijidudu. Hilo halizifanyi kuwa dawa ya binadamu, maana kimelea cha jani la nyanya si bakteria wa kwenye kibofu. Lakini mtafiti anayechagua pa kuanzia angalau ana sababu.

Kanabisativini nayo ina umbo lisilo la kawaida, lililojengwa juu ya spermidini, molekuli yenye naitrojeni iliyomo kwenye seli za viumbe hai. Tatizo lake ni uhaba: unahitaji mizizi mingi sana kupata kiasi cha kupima ipasavyo.

Kwa nini kila mara wanataja Staphylococcus na si E. coli?

Bakteria hugawanywa katika makundi mawili makubwa kwa jinsi wanavyoshika rangi ya Gram, rangi ya maabara ya kuwatambulia bakteria. Gram-chanya, kama Staphylococcus, wana ukuta mnene lakini hawana utando wa nje. Gram-hasi, kama E. coli, Salmonella na Klebsiella, wana utando wa ziada unaozuia vitu vya mafutamafuta kuingia. Kemikali nyingi za mimea, zikiwemo kanabinoidi na triterpenoidi, zinakwama hapo.

Watafiti wa McMaster walilizunguka tatizo hilo kwa kuichanganya CBG na polimiksini B, antibayotiki inayotoboa utando wa nje. Kwa mchanganyiko huo hata Gram-hasi waliguswa. Kuna jamii chache za Gram-hasi zinazoguswa bila msaada, mfano bakteria wa kisonono, ambao watafiti wa Queensland, Australia, waliripoti 2021 kwamba wanauawa na CBD. Jihadhari na tafsiri yake: soma "Nina UTI au kisonono, nijaribu?"

Nikiona tangazo limetaja kipimo cha maabara, niangalie nini?

Angalia namba kabla ya picha. Picha ya sahani yenye duara tupu kuzunguka kidoa cha dawa inapendeza, lakini ukubwa wa duara unategemea pia jinsi dawa inavyosambaa kwenye agari, ile jeli wanamooteshwa bakteria. Dawa ya nta haisambai, kwa hiyo inaweza kuonekana dhaifu kuliko ilivyo. Inayoyeyuka vizuri itaonekana na nguvu isizo nazo.

Namba yenye maana zaidi ni kiwango cha chini cha kuzuia, kinachoandikwa MIC. Ni kiasi kidogo kabisa cha dawa kinachowazuia bakteria kuota. Watafiti wengi wa dawa za mimea hukubali kwamba dondoo zima lenye MIC chini ya mikrogramu 100 kwa mililita linastahili kufuatiliwa, na molekuli safi iwe chini ya 10. Ukiona MIC ya miligramu kadhaa kwa mililita, hata kama mwandishi ameandika "yenye nguvu kubwa", hapo hakuna kitu. Chumvi ya mezani nayo ikizidi huzuia bakteria.

Uliza pia kama walipima sumu kwa seli za binadamu. Jiki inaua MRSA vizuri sana.

Kama mzizi una kinga dhidi ya vijidudu, mbona unaoza?

Swali zuri, na wakulima wa bangi halali huko Kanada na Marekani wanalijua kwa hasara. Fusarium na Pythium huozesha mizizi ya bangi na kuangusha mmea mzima, hasa kwenye vitalu vya ndani vyenye maji mengi. Kinga ya mmea huchelewesha, huzuia wengine, na hushindwa na wale waliokwisha kuzoea kuishi nayo. Zaidi ya hayo, mzizi wenye afya umejaa bakteria na kuvu wanaoishi ndani yake bila ugomvi wowote.

## Matumizi na hatari

Nikichemsha mizizi nikanywa, nitapata nini?

Zaidi maji yenye ladha ya udongo. Gramu 10 za mzizi mkavu zina triterpenoidi miligramu 13 hadi 24, na kwa kuwa ni za nta, sehemu kubwa itabaki kwenye makapi unayoyatupa. Maji ya moto hutoa zaidi vitu vinavyoyeyuka: kolini, sukari, chumvichumvi, na baadhi ya alkaloidi. Yaani unaacha kile unachokitafuta na kunywa usichokikusudia.

Ndiyo maana maabara hutumia ethanoli, ethili asetati au gesi ya kaboni dioksidi iliyokandamizwa kuzitoa triterpenoidi. Wale wa mitishamba wanaochemsha mzizi kwenye mafuta wako karibu zaidi na kemia kuliko wanaotumia maji.

Kupaka kwenye kidonda je?

Kidonda kilicho wazi kisipakwe mzizi uliosagwa nyumbani, wa bangi au wa mti mwingine wowote. Mzizi hutoka udongoni, na udongo hubeba mbegu za pepopunda, ambazo hazifi kwa kuanikwa juani. Kidonda cha kisukari kinachotoa harufu au kinachopanuka kinahitaji kusafishwa, na sampuli yake kuoteshwa maabara ili ijulikane ni bakteria gani, kisha dawa ichaguliwe. Kwenye ngozi isiyo na jeraha, kwa maumivu ya viungo, hatari ni ndogo zaidi, lakini swali la sheria linabaki palepale.

Nina UTI au kisonono, nijaribu?

Hapana. UTI mara nyingi husababishwa na E. coli, ambaye ni Gram-hasi (sababu imeelezwa hapo juu). Kisonono kiliguswa na CBD ndani ya chombo cha maabara, na mzizi hauna CBD ya kutosha hata kuanza kujadili. Unapojaribu mizizi, maambukizi ya kibofu yanaweza kupanda hadi kwenye figo, na kisonono kinaweza kuziba mirija ya uzazi huku ukimwambukiza mwenzako. Pima mkojo, chukua dawa, maliza dozi.

Mzizi una sumu?

Kemikali zake zenyewe, kwa kiasi kidogo, hazijulikani kuua mtu. Pirolidini na piperidini zikiwa nzito huwasha ngozi na utando wa mdomo na tumbo. Dondoo lililokolezwa kwa hiyo si sawa na mzizi mzima.

Hatari inayosahaulika ni madini. Bangi ni hodari wa kunyonya kadimi, risasi na nikeli kutoka udongoni, kiasi kwamba bangi ya nyuzi ilijaribiwa kusafisha ardhi iliyochafuliwa karibu na Chernobyl mwishoni mwa miaka ya 1990. Kadimi nyingi hubaki kwenye mizizi. Mmea ulioota kando ya barabara kuu, karibu na karakana au dampo unaweza kukupa mzizi ambao kosa lake halihusiani kabisa na bangi. Kuchemsha hakuondoi madini.

Mjamzito au mtoto?

Wasitumie.

Naweza kukutwa na bangi kwenye kipimo cha mkojo?

Kwa mzizi safi uliooshwa, uwezekano ni mdogo kwa sababu THC iliyomo ni kidogo mno. Lakini unga wa mizizi unaouzwa mtaani huweza kuwa umechanganyika na vumbi la majani na maua, na kipimo hakitauliza umetumia sehemu gani ya mmea. Dereva, mlinzi au mwanamichezo asijiweke kwenye hali hiyo.

## Sheria na utafiti

Mzizi peke yake unaruhusiwa?

Kuna wanaotaja Mkataba wa Dawa za Kulevya wa 1961 kama mwanya. Ni kweli kwamba mkataba huo unaposema "bangi" unamaanisha vichwa vyenye maua au matunda, wala mizizi haitajwi. Lakini mkataba huohuo unadhibiti kilimo cha mmea wenyewe, na sheria za nchi zinaweza kuwa kali kuliko mkataba.

Sheria ya Kenya ya 1994 na ile ya Tanzania ya 2015 zinakataza kulima mmea wa bangi bila kibali. Mzizi haupatikani bila kuung'oa mmea, na askari atakayekukuta nao hataanza kwa somo la kemia. Rwanda iliweka mwaka 2021 utaratibu wa leseni kwa uzalishaji wa kuuza nje, si kwa matumizi ya mtu binafsi nyumbani.

Mimi ni mwanafunzi, nataka kutafiti mizizi hii. Nianzie wapi?

Anza na vibali kabla ya vimumunyisho: COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, yaani tume za sayansi na teknolojia za nchi hizo, pamoja na mamlaka inayosimamia dawa za kulevya. Bila hivyo hata matokeo mazuri hayachapishiki.

Kisha tumia vimumunyisho zaidi ya kimoja, kwa sababu dondoo la maji na la heksani (kimumunyisho cha vitu vya mafuta) ni kama mimea miwili tofauti. Pima MIC kwenye mchuzi wa maabara (chakula cha majimaji cha bakteria) badala ya kutegemea duara la agari, na pima pia kimumunyisho kitupu: DMSO ikizidi huzuia bakteria yenyewe, na tasnifu kadhaa zimeshasifu mmea kwa kazi ya DMSO. Rudia kipimo ukiwa umeongeza seramu, kwa sababu iliyoelezwa kwenye habari ya Waholanzi wa 1976. Pima kiasi cha kanabinoidi kwenye dondoo lako, ili ikionekana nguvu ujue haikutoka kwenye vumbi la maua. Na hifadhi sampuli ya mmea kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa.

Jambo ambalo ningependa kuona likijaribiwa ni amidi za fenoli zikitumika pamoja na antibiotiki ya zamani, kuona kama zinapunguza dozi inayohitajika.

Kwa nini kuhangaika na mzizi ikiwa ua lina nguvu zaidi?

Kwa sababu mbili. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa unakadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na maumbo mapya ya kemikali yanatafutwa kila mahali, hata kwenye sehemu zisizo na sifa. Pili, mashamba halali ya bangi, ya dawa na ya nyuzi, hutupa mizizi baada ya mavuno. Malighafi ipo bure.

Haiwezekani kuiotesha mizizi pekee maabara, bila mmea?

Inawezekana. Kuna mbinu ya kuambukiza tishu ya mmea kwa bakteria Rhizobium rhizogenes, ikaota mizizi mingi kama nywele inayokua yenyewe ndani ya chupa, bila jani wala ua. Bangi imejaribiwa hivyo, na mizizi hiyo ilitoa kanabinoidi chache mno. Kwa mtafuta THC ni hasara. Kwa anayetaka friedelini au amidi za fenoli bila kugusa sehemu inayolevya, ni njia mojawapo, ingawa kibali cha kuanza na tishu ya bangi bado kitahitajika.